Mkongo ukifika langoni: Namna ya kusanifu mtandao wa ndani wa taasisi kwa teknolojia ya faiba

Tangu mwaka 2009, kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza, umbali wa kimawasiliano kati ya pwani na mikoa ya bara umepungua kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, mkongo kufika katika lango la taasisi si mwisho wa kazi. Kutoka langoni hadi mezani kwa mtumishi, taarifa hupita katika mtandao wa ndani wa taasisi yenyewe, na ubora wa huduma anayoipata mwananchi hutegemea sehemu hiyo fupi kama unavyotegemea maelfu ya kilomita zilizotangulia.

Mfano ulio wazi ni hospitali ya wilaya. Usajili, vipimo, dawa na malipo husimamiwa na mifumo ya kielektroniki, ukiwamo GoTHoMIS. Mgonjwa aliyekwisha kumwona daktari hufika katika dirisha la dawa akitarajia kwamba maelekezo ya daktari yamemtangulia. Akiambiwa kuwa mtandao unasumbua, hana la kufanya ila kusubiri, na mwenye mgonjwa aliyezidiwa hana muda huo. Mara nyingine chanzo cha tatizo hakiko baharini wala katika mkongo wa taifa, bali katika mita 200 za waya kati ya jengo la utawala na jengo la famasia.

Makala haya yanaeleza misingi ya kusanifu mtandao wa ndani kwa kutumia faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha taarifa kwa mwanga, na mambo ambayo mkuu wa taasisi, ofisa TEHAMA na ofisa ununuzi wanapaswa kuyafahamu kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa.

Ukomo wa waya wa shaba

Kwa miaka mingi mitandao ya ofisi imejengwa kwa nyaya za shaba, na nyaya hizo bado zina nafasi yake. Ni rahisi kufunga, vifaa vyake vinapatikana kwa wingi, na zinaweza kubeba umeme pamoja na taarifa. Udhaifu wake mkubwa ni umbali. Viwango vya kimataifa vya nyaya za ofisini vinaweka ukomo wa mita 100 kutoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta. Kati ya hizo, mita 90 ni za waya uliofungwa ukutani na mita 10 ni za nyaya fupi za kuunganishia katika ncha mbili.

Ukomo huo unatosha ndani ya jengo moja la ghorofa. Hautoshi katika taasisi zilizojengwa kwa mtawanyiko, kama zilivyo hospitali, vyuo, shule za bweni na makao makuu ya halmashauri, ambako wodi, maabara, ghala na ofisi hutenganishwa na bustani, barabara na viwanja. Fundi anayelazimika kuvuka mita 300 kwa shaba huweka swichi ndogo njiani, kila moja ikihitaji umeme, kinga dhidi ya mvua na mtu wa kuiangalia. Kila kifaa kinachoongezwa ni mahali pengine ambapo mtandao unaweza kukatika.

Tatizo la pili ni radi, na si dogo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambao ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika. Radi ikipiga karibu na jengo, nguvu ya umeme katika ardhi ya jengo hilo hupanda ghafla kuliko ile ya jengo la jirani. Waya wa shaba unaounganisha majengo hayo huwa njia ya umeme huo, nao huingia moja kwa moja katika swichi na kompyuta. Kioo hakipitishi umeme. Kwa sababu hiyo, hata pale umbali kati ya majengo unapokuwa chini ya mita 100, faiba ndiyo chaguo salama zaidi la kuyaunganisha.

Namna mwanga unavyosafiri katika kioo

Unyuzi wa faiba una sehemu mbili za kioo. Katikati upo moyo, ambamo mwanga hupita, na kuuzunguka upo ukuta wa kioo cha aina tofauti kidogo, wenye kipenyo cha mikromita 125. Mwanga unaoingia katika moyo kwa pembe inayofaa hurudishwa ndani kila unapougusa ukuta huo, na hivyo huendelea mbele hata unyuzi unapopinda kwa kiasi.

Wazo la kuutumia kioo kwa mawasiliano ya mbali lilipewa msingi wa kisayansi mwaka 1966 na Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi nchini Uingereza. Walionesha kuwa kikwazo hakikuwa kioo chenyewe bali uchafu uliomo ndani yake. Kao alikadiria kwamba, upotevu wa mwanga ukipunguzwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, mawasiliano hayo yangewezekana. Kiwango hicho kina maana kwamba baada ya kilomita moja hubaki sehemu moja tu kati ya 100 ya mwanga uliotumwa. Watafiti wa kampuni ya Corning nchini Marekani walikifikia na kukivuka mwaka 1970. Leo faiba nzuri hupoteza takribani desibeli 0.2 kwa kilomita katika rangi ya mwanga inayofaa zaidi, yaani zaidi ya asilimia 95 ya mwanga huwa bado ipo baada ya kilomita nzima. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Modi moja au modi nyingi

Uamuzi wa kwanza wa msanifu ni aina ya faiba. Faiba ya modi nyingi ina moyo mpana, wa mikromita 50 au 62.5, unaoruhusu mwanga kupita kwa njia nyingi kwa pamoja. Vyanzo vyake vya mwanga ni nafuu. Hata hivyo, kwa kuwa miale inayopita njia tofauti hufika kwa nyakati tofauti kidogo, taarifa huanza kuchanganyika umbali unapoongezeka. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, daraja la OM3 hufika mita 300 na OM4 mita 400. Daraja la zamani la OM1, ambalo bado limo katika baadhi ya majengo, huishia mita 33 tu kwa kasi hiyo.

Faiba ya modi moja ina moyo wa takribani mikromita 9, na mwanga una njia moja tu ya kupita. Kwa kasi hiyohiyo ya gigabiti 10, vifaa vya kawaida vya modi moja hufika kilomita 10. Zamani vifaa vyake vya ncha mbili vilikuwa ghali mno kwa mtandao wa ndani, lakini tofauti hiyo imepungua sana.

Kwa taasisi yenye majengo yaliyotawanyika, hoja ya kuchagua modi moja kati ya jengo na jengo ina nguvu. Kebo iliyozikwa ardhini hutarajiwa kudumu kwa zaidi ya miaka 20, ilhali vifaa vya ncha zake hubadilishwa mara kadhaa katika kipindi hicho. Kasi ikihitaji kupanda, faiba ya modi moja hubaki ilipo na swichi pekee hubadilishwa. Modi nyingi inaweza kubaki ndani ya chumba cha seva, ambako umbali ni mfupi. Fundi huzitofautisha kwa rangi ya ganda: manjano kwa modi moja, machungwa kwa OM1 na OM2, na buluu ya maji kwa OM3 na OM4. Hazipaswi kuunganishwa moja kwa nyingine.

Mchoro: nyota, na njia mbili za kweli

Mtandao wa ndani ulio bora hujengwa kwa umbo la nyota. Katikati kuna chumba kikuu cha mawasiliano chenye swichi kuu, na kila jengo hupata kebo yake kutoka hapo. Kuunganisha majengo kwa mnyororo, jengo la kwanza likilisha la pili na la pili likilisha la tatu, huokoa kebo, lakini umeme ukikatika katika jengo la kwanza yote yanayofuata hunyamaza.

Majengo yasiyoweza kukaa bila mawasiliano, kama vile chumba cha upasuaji, maabara na famasia, yanastahili njia mbili. Hapa kuna kosa linalojirudia: kulaza kebo mbili katika mtaro mmoja na kuziita njia mbili. Jembe au mashine itakayokata ya kwanza itakata na ya pili. Afrika Mashariki ilipata somo la aina hiyo tarehe 12 Mei, 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo. Njia mbili ni mbili pale tu zinapopita mahali tofauti na kuingia katika jengo kwa milango tofauti.

Idadi ya nyuzi nayo huamuliwa mapema. Kiungo cha kawaida hutumia nyuzi mbili, mmoja wa kutuma na mwingine wa kupokea. Lakini gharama kubwa haiko katika kioo, bali katika kuchimba, kufukia na kurudishia barabara. Kulaza kebo ya nyuzi 12 au 24 pale zinapohitajika mbili leo ni busara ya matumizi ya fedha za umma, kwa sababu nyuzi za akiba huzuia uchimbaji wa pili.

Kugawa mwanga bila umeme

Ipo pia njia nyingine ya usanifu, inayotumia teknolojia ileile ya kufikisha intaneti majumbani, iitwayo GPON. Badala ya swichi katika kila ghorofa, unyuzi mmoja hutoka katika kifaa kikuu hadi kwenye kigawanya mwanga, kisanduku kidogo kisichohitaji umeme wala kipoza hewa, ambacho huugawa mwanga kwa watumiaji 32 au 64. Taarifa za kwenda na za kurudi hutumia unyuzi huohuo kwa rangi mbili tofauti za mwanga. Umbali unaweza kufika kilomita 20.

Faida yake ni kupungua kwa vyumba vya vifaa na ankara ya umeme. Hasara yake ni kwamba kasi hugawanywa. GPON hutoa takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea kwa watumiaji na gigabiti 1.25 kurudi. Watumiaji 32 wakivuta taarifa kwa pamoja, kila mmoja hubaki na takribani megabiti 78. Kwa ofisi ya kuandika barua na kujaza fomu, kiasi hicho kinatosha.

Kwa idara ya mionzi hesabu ni nyingine. Picha moja ya kipande cha CT scan yenye nukta 512 kwa 512, kila nukta ikichukua baiti mbili, ni takribani nusu megabaiti. Uchunguzi wenye vipande 500 hufikia megabaiti 260. Kwa megabiti 78, daktari atasubiri karibu sekunde 27 kabla ya picha zote kufika. Kwa kiungo chake cha gigabiti 1, atasubiri sekunde mbili na kidogo. Msanifu mzuri hutumia njia zote mbili katika taasisi moja, na kila idara huipa kinachoendana na kazi yake. Toleo jipya zaidi, XGS-PON, hutoa gigabiti 10 kwenda na kurudi, na linaweza kutumia nyuzi zilezile zilizokwisha kulazwa.

Hesabu ya mwanga

Kabla ya kununua kitu chochote, msanifu hufanya hesabu ya upotevu wa mwanga. Ni hesabu ya kujumlisha tu, nayo huzuia hasara kubwa. Chukua njia ya kilomita 1.2 ya faiba ya modi moja. Kioo chenyewe, kwa desibeli 0.4 kwa kilomita, hupoteza desibeli 0.48. Viunganishi viwili, kwa desibeli 0.5 kila kimoja, hupoteza 1.0. Maungio manne ya kuchomelea, kwa 0.1 kila moja, hupoteza 0.4. Jumla ni desibeli 1.88. Vifaa vya kawaida vya gigabiti 10 vya kilomita 10 huvumilia takribani desibeli 6.2, hivyo kuna akiba ya zaidi ya desibeli 4 kwa ajili ya matengenezo ya baadaye na kuchakaa.

Njia hiyohiyo ikiwekewa kigawanya mwanga cha watumiaji 32, upotevu huongezeka kwa takribani desibeli 17.5 na kufikia 19.38. Vifaa vya GPON vya daraja la kawaida la B+ huvumilia desibeli 28, kwa hiyo mtandao utafanya kazi. Hesabu ya namna hii inapaswa kuwamo katika michoro inayowasilishwa na mkandarasi, kwa kila njia. Zabuni isiyo nayo haijakamilika.

Umeme hausafiri katika kioo

Sifa inayoifanya faiba kuwa salama dhidi ya radi huleta pia usumbufu wake mkubwa. Kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, simu za mezani za intaneti, kamera za usalama na vituo vya Wi-Fi, ambavyo kwa waya wa shaba hupata umeme kutoka kwenye swichi, vitahitaji chanzo kingine. Suluhisho linalotumika zaidi ni mseto: faiba hadi katika kila jengo au ghorofa, kisha shaba kwa mita chache za mwisho.

Jambo hili linahitaji kupangwa pamoja na umeme wa akiba. Jenereta ya hospitali ikiwasha taa za wodi lakini kabati la vifaa vya mawasiliano likawa nje ya mzunguko huo, kompyuta zitawaka na mtandao hautakuwapo. Kila kabati linahitaji betri ya akiba ya kuvusha muda kati ya umeme kukatika na jenereta kuwaka, pamoja na nafasi katika mzunguko wa jenereta.

Mtaro, chemba na kona

Kebo ya faiba ina nguvu inapovutwa ipasavyo na ni dhaifu inapokunjwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba kona isiwe na nusu kipenyo kilicho chini ya mara 10 ya unene wa kebo ikiwa imetulia, na mara 20 wakati inavutwa. Kona kali huvujisha mwanga hata kama kioo hakijavunjika. Ndani ya ofisi ambako kona haziepukiki, zipo nyuzi za kisasa zinazostahimili kupinda.

Nje ya jengo, kebo ipite ndani ya bomba, kwa kina kinachoikinga na jembe, na juu yake kuwe na utepe wa tahadhari kabla ya udongo kurudishwa. Chemba za ukaguzi ziwekwe katika kona na mahali pa maungio, na kila moja iachwe na mita kadhaa za kebo ya ziada iliyokunjwa kwa duara. Akiba hiyo ndiyo itakayomwezesha fundi kuunganisha upya kebo iliyokatika bila kuvuta mpya. Mahali penye panya, kebo yenye ganda la chuma hufaa, lakini chuma hicho ni lazima kiunganishwe na waya wa kutuliza umeme ardhini kinapoingia katika jengo. Kikiachwa bila kutulizwa, kinairudisha ile hatari ya radi ambayo faiba ilikuja kuiondoa.

Kupima kabla ya kukabidhi

Adui wa kila siku wa faiba ni vumbi. Chembe moja isiyoonekana kwa macho, ikikaa juu ya moyo wa mikromita 9, inaweza kuziba sehemu kubwa ya njia ya mwanga. Kila kiunganishi hupaswa kukaguliwa kwa darubini maalumu na kusafishwa kabla ya kuchomekwa, hata kikiwa kipya kutoka katika mfuko wake. Usalama wa mafundi nao uzingatiwe: mwanga unaotumika hauonekani, hivyo hakuna anayepaswa kuangalia ndani ya ncha ya faiba iliyo kazini, na vipande vya kioo vinavyokatwa vikusanywe katika chombo chenye kifuniko.

Kazi ikikamilika, taasisi isikubali kukabidhiwa kwa maneno ya kwamba mtandao unafanya kazi. Kila unyuzi, ukiwamo wa akiba, upimwe upotevu wake kutoka pande zote mbili, na matokeo yalinganishwe na hesabu ya awali. Kipimo cha OTDR, ambacho hutuma mwanga na kusoma unaorudi, huonesha kila ungio na kila kona kwa umbali wake. Picha ya kipimo hicho ikihifadhiwa, siku kebo itakapokatika fundi atajua ndani ya dakika chache ni mita ya ngapi pa kuchimba. Pamoja nayo, mkandarasi akabidhi mchoro wa njia kama zilivyojengwa, orodha ya nyuzi na lebo zake, na vifaa vya kusafishia.

Uamuzi wa leo, huduma ya miaka 20

Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina jukumu la kuratibu na kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Lakini mtaro wa kati ya wodi na famasia huchimbwa na taasisi yenyewe, kwa bajeti yake na usimamizi wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mtandao wa ndani, ufa ni njia ya pili isiyowekwa, unyuzi wa akiba usiolazwa na kipimo kisichofanywa.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba, maswali machache yanatosha kuonesha kama usanifu umekamilika. Je, majengo muhimu yana njia mbili zinazopita mahali tofauti? Je, kebo iliyochaguliwa itabeba kasi ya miaka 20 ijayo? Je, hesabu ya upotevu ipo kwa kila njia? Je, makabati ya vifaa yamo katika mzunguko wa jenereta? Je, vipimo vya makabidhiano vimetajwa kuwa sharti la malipo ya mwisho? Majibu yakiwa ndiyo, mgonjwa atakayefika katika dirisha la dawa atakuta maelekezo ya daktari yamekwisha kumtangulia.